‘Noon’ ya Mwingereza Ilikuwa Saa Tisa Yetu

Kila siku skulini, kengele ya baada ya chakula cha mchana inapolia na mwalimu akaingia darasani, watoto wetu husimama na kumwamkia kwa Kiingereza: “Good afternoon.” Saa ya ukutani yaonyesha saa nane kasorobo. Mtoto ana yakini kuwa amesema sawa, na mwalimu naye ana yakini hiyo hiyo. Lakini lau neno hilo lingepewa ulimi likajieleza, lingesema: “Bado, bado! Mimi maana yangu ni baada ya saa tisa, nanyi mwaniita kabla ya wakati wangu.”

Huu si mzaha, ndugu msomaji. Neno “noon”, ambalo leo kila mtu ajua kuwa ni saa sita ya mchana, asili yake ni saa tisa. Wala si saa tisa ya kuhesabu kutoka usiku wa manane, bali ni saa tisa hii hii yetu, ya kuhesabu tangu jua kuchomoza, saa ambayo wazee huanza kutazama vivuli wakingojea alasiri. Neno limesafiri saa tatu nzima kurudi nyuma, likatua juu ya utosi wa jua, na wenyewe wakasahau lilikotoka.

Kisa chake chafaa kusimuliwa hapa kwetu pwani kuliko pahali pengine. Wako watu, na miongoni mwao vijana wetu wenyewe, wanaodhani kuwa hesabu ya saa za Kiswahili ni hesabu iliyopinduka, ya watu wasiojua saa. Mtu akisema “saa tatu asubuhi” na mkononi mshale mfupi umesimama kwenye 9, huchekwa. Basi na tulifuate neno hili moja la Kiingereza hatua kwa hatua, tuone ni nani aliyepindua hesabu.

SAA ZA WARUMI

Neno “noon” halikuzaliwa Uingereza. Waingereza wa kale walilichukua kutoka Kilatini, lugha ya Warumi na ya kanisa lao, wakalitamka “non”. Kilatini chenyewe kilisema “hora nona”, yaani saa ya tisa. “Hora” ni saa, na “nona” ni ya tisa. Baadaye saa ikaachwa njiani, ikabaki nambari peke yake, kama nasi tusemavyo “tukutane tisa” na kila mtu akaelewa.

Warumi walihesabu vipi? Walihesabu kama tunavyohesabu sisi. Jua likichomoza, saa za mchana zaanza. Saa ya kwanza ikipita, ya pili yafuata, mpaka ya kumi na mbili jua linapotua. Saa sita ilikuwa katikati ya mchana, na saa tisa ilikuwa katikati ya adhuhuri na magharibi. Usiku nao ulikuwa na hesabu yake mbali.

Ndiyo sababu vitabu vilivyoandikwa zama za Warumi, vikiwemo vya Wakristo, vikitaja saa ya tatu, ya sita au ya tisa, msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo. Mfasiri huandika “saa tatu”, “saa sita”, “saa tisa”, kazi ikaisha. Msomaji wa Kiingereza ndiye anayehitaji mtu wa kumweleza kuwa saa ya tatu hapo si ile aijuayo yeye, bali ni ile anayoiita tisa. Hesabu ya kale iko hai midomoni mwetu, kwao imebaki vitabuni.

Iko tofauti moja kubwa tusiyopaswa kuificha. Saa za Warumi hazikuwa na urefu mmoja mwaka mzima. Mchana, ukiwa mrefu ukiwa mfupi, uligawanywa mafungu 12. Kwetu sisi jambo hili halina uzito, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta. Mombasa, mchana mrefu kabisa wa mwaka na mchana mfupi kabisa hutofautiana kwa kama nusu saa tu. Jua huchomoza na kutua karibu na saa kumi na mbili, Januari hata Disemba.

Lakini nenda London. Mwezi wa Disemba mchana wao haufiki saa 8, na mwezi wa Juni hupita saa 16. Ukiugawanya mchana wa Disemba mafungu 12, kila fungu huwa dakika 39 hivi. Ukiugawanya wa Juni, kila fungu huwa dakika 83. Basi “saa tisa” ya jua huko London, kwa kipimo cha mashine zetu za leo, yaweza kuangukia kabla ya saa nane mchana wakati wa baridi, na baada ya saa kumi wakati wa joto. Kwa hivyo tangu mwanzo neno hili huko kaskazini lilikuwa kama chombo kisichotiwa nanga, chaelea huku na huku. Ilihitajiwa nguvu ndogo tu kukisukuma.

NJAA NDIYO ILIYOVUTA

Nguvu hiyo ilitoka wapi? Sababu itajwayo zaidi na wachunguzi wa maneno ni jambo ambalo Muislamu atalifahamu upesi: saumu.

Katika nyumba za watawa wa Kikristo barani Ulaya, mchana uligawanywa kwa sala. Ilikuwako sala ya saa ya kwanza, ya saa ya tatu, ya saa ya sita na ya saa ya tisa, na kila moja iliitwa kwa nambari yake. Ile ya saa ya tisa ndiyo “nona”. Katika karne ya 6, mtawa mmoja wa Italia aitwaye Benedict wa Nursia aliandika kanuni za maisha ya watawa, na kanuni hizo zikaenea Ulaya nzima, Uingereza ikiwemo. Humo alipanga saa za kula. Siku za kawaida za majira ya joto watawa wale saa ya sita. Lakini Jumatano na Ijumaa za majira hayo, ikiwa hakuna kazi nzito mashambani, wafunge mpaka nona. Na kuanzia katikati ya Septemba mpaka ifike Kwaresima, chakula kisiliwe kabla ya nona siku zote. Kwaresima yenyewe wangoje mpaka jioni.

Sasa mfikirie mtu aliyeamka usiku wa giza kwa ibada, akalima, akachota maji, na hajatia kitu kinywani. Macho yake yako wapi? Yako kwenye kengele ya nona. Kengele hiyo haikuwa jua. Ilipigwa na mkono wa binadamu, na mkono wa binadamu una tumbo lake. Hata Benedict mwenyewe katika kanuni zake aliruhusu kwamba majira ya joto sala ya nona isaliwe mapema kidogo, katikati ya saa ya nane. Mlango ukishafunguliwa kiasi cha unyoya, upepo huumalizia. Karne zikapita, na nona ikawa yapanda kidogo kidogo, kutoka tisa hadi nane, kutoka nane hadi saba, mpaka ikakutana na sita.

Ushahidi tunao kutoka kwa mshairi mkubwa wa Italia, Dante, aliyeishi mpaka mwaka 1321. Katika kitabu chake kiitwacho Convivio, alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 14, Dante aligusia jambo hili hili. Alieleza kuwa saa ya sita ndiyo bora katika saa za mchana, na kwamba ibada huvutwa ziikaribie. Kwa hivyo, akasema, nona yapasa kupigwa saa ya saba inapoanza tu, yaani mara saa ya sita ikimalizika. Tazama basi: kitu kiitwacho “ya tisa” chapigwa mwanzoni mwa ya saba, na mwanachuoni mkubwa kama huyo aona sawa kabisa.

Uingereza nako mambo yalikuwa hayo hayo. Waingereza walikuwa na neno lao la asili la katikati ya mchana, nalo ni “midday”, ambalo bado wanalo. Lakini “noon” ikashuka juu yake ikalipokonya nafasi. Kufikia karne ya 14, Mwingereza akisema “noon” alikusudia jua la utosi. Nambari tisa iliyokuwa ndani ya neno ikafa, hakuna aliyeisikia tena.

NDUGU ZA NENO HILI

Atakaye kuhakikisha kuwa neno hili lilihama, na awatazame ndugu zake waliobaki nyumbani. Huko Ireland, katika lugha yao ya asili, liko neno “tráthnóna”. Ndani yake mna nona ile ile ya Kilatini. Lakini Mwailandi akilitaja hakusudii saa sita, akusudia alasiri mpaka jioni. Watu wa Wales nao husema “prynhawn”, na ndani yake pia mna nona. Hilo kwao ni wakati wa baada ya adhuhuri. Kwa hivyo majirani wawili wa Mwingereza walilipokea neno lile lile kutoka kanisa lile lile, wakaliacha upande wa alasiri lilikozaliwa. Kwa Mwingereza ndiko lilikohama.

Wahispania nao wana neno ambalo dunia nzima sasa yalijua, “siesta”, yaani kulala mchana wakati wa joto kali. Hilo limetoka kwenye “sexta”, saa ya sita. Mhispania alilala saa sita, akaipa nambari ya saa jina la usingizi wake. Mzee wa Mji wa Kale anayejinyoosha barazani baada ya kusali adhuhuri na kula wali wake, afanya siesta bila ya kujua Kihispania, na tena kwa nambari iliyo sawa.

Si ajabu kwa nambari kufa ndani ya neno. Mwezi wa Novemba, kwa Kilatini, una “tisa” ndani yake, nao ni ndugu wa damu wa “noon”. Lakini ni mwezi wa 11. Disemba ina “kumi”, nao ni wa 12. Hesabu ya Warumi wa kale ilianzia Machi, mwaka ukaja kuanzishwa Januari, na majina yakaachwa pale pale kama mabango ya duka lililohama.

Wala sisi tusijitie usafi mno. Sote husema Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumatano ni siku ya tano kwa hesabu ya Kiswahili, ianzayo Jumamosi. Alhamisi nayo, kwa Kiarabu, ni siku ya tano kwa hesabu ianzayo Jumapili. Wiki yetu basi ina siku mbili za tano zilizofuatana, na hakuna anayetatizika. Na wengi huisikia nambari nane katika usiku wa manane, lakini nani atazamaye saa anapolisema neno hilo? Akusudia tu kiini cha usiku, wakati hata mbwa wamenyamaza.

Hata hivyo, majina yetu mengine ya kuhesabu bado yasema kweli. Mfungo mosi ni mwezi wa kwanza baada ya Ramadhani, kweli ni wa kwanza. Mfungo tatu ni wa tatu, nao ndio wa Hija. Mfungo sita ni wa sita, nao ndio wa Maulidi. Hesabu haikusogea hata kidogo, kwa sababu kinachoifunga si kengele ya mtu, ni mwezi wa mbinguni.

SAA YA MASHINE

Neno lilipokwisha kutua juu ya saa sita, likaja jambo jingine likalikaza hapo: saa ya mashine. Katika karne ya 13 na ya 14, mafundi wa Ulaya walianza kutengeneza saa kubwa za magurudumu na uzito, zikapachikwa katika minara ya makanisa na ya miji. Huko Salisbury, Uingereza, iko mashine ya saa ya kanisa inayohesabiwa kuwa ya mwaka 1386 hivi.

Mashine haijui kuwa ni Juni au ni Disemba. Kila saa kwake ni sawa na nyingine. Hapo ndipo watu walipolazimika kubainisha: je, ni saa ya jua au ni saa ya mashine? Mwingereza akawa asema “of the clock”, yaani kwa hesabu ya saa ya mashine, na maneno hayo yakafupishwa yakawa “o’clock”, wanayoyatumia hata leo. Ule mkato mdogo baada ya herufi ya kwanza ni kovu la maneno yaliyokatwa.

Na mashine ianze kuhesabu wapi? Katika nchi ambayo jua leo lachomoza saa hii na baada ya miezi michache lachomoza saa nne mbele, kuchomoza kwa jua si nguzo ya kufungia kamba. Kitu kisichoyumba sana ni jua kufika kileleni. Basi wakafanya kilele hicho, na upande wake wa pili wa usiku, kuwa mwanzo wa hesabu. Hesabu yao ilikuwa na sababu nzuri kwa nchi yao.

Na hesabu yetu ina sababu nzuri kwa nchi yetu. Jua letu halina kigeugeu. Likichomoza ni kumi na mbili, likitua ni kumi na mbili, mwaka nenda mwaka rudi. Anayeanza kuhesabu kutoka hapo hana haja ya mtu wa kumwambia siku imeanza lini, aiona kwa macho yake. Wahabeshi nao, walio jirani zetu upande wa kaskazini, huhesabu hivi hivi mpaka leo. Uturuki, hesabu ya saa kuanzia magharibi iliendelea mpaka sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 1926. Hatuko peke yetu, wala hatukuwahi kuwa peke yetu.

Tena hesabu yao mpya haikukosa kasoro. Wao huandika “a.m.” kwa saa za kabla ya kilele cha jua na “p.m.” kwa saa za baada yake, yote mawili yakiwa vifupi vya Kilatini. Je, saa sita kamili ya mchana ni ipi kati ya hizo mbili? Si kabla wala si baada, ndiyo yenyewe! Hapo wenyewe hubabaika. Mazoea ya sasa ni kuiita “12 p.m.”, lakini waangalifu huona afadhali waandike “12 noon” ili kuondoa shaka. Hivyo neno lililokuwa saa tisa ndilo lililoitwa kuja kuwa shahidi wa saa sita. Na Waswahili, ambao kwao saa sita ni katikati ya hesabu na si mwanzo wala mwisho wake, hawana tatizo hilo. Saa sita mchana ni saa sita mchana.

ADHUHURI HAIVUTWI

Kwa Muislamu, katikati ya mchana si jambo la mazungumzo tu. Jua linapokuwa kichwani barabara, huo ni mmoja katika nyakati ambazo Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kusali, pamoja na wakati jua linapochomoza na linapotua. Adhuhuri huingia jua likishapinduka, yaani likiacha kilele na kuelekea machweo. Na alasiri, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na urefu wake, ukiacha kile kivuli kilichokuwako jua lilipokuwa kileleni. Kijiti kimoja na kiwanja kitupu vyatosha.

Angalia tofauti. Nona ya watawa ilifungwa na kengele, ikavutika. Adhuhuri imefungwa na jua, haivutiki. Aliyefunga Ramadhani aweza kuona njaa kiasi gani, kaimati zinukie kiasi gani, hawezi kuivuta magharibi hata kwa dakika moja. Ndiyo maana maneno yetu ya nyakati, alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, yangali pale yalipokuwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, hali neno la jirani limehama nyumba.

Wanazuoni wa Kiislamu walilifanya jambo hili kuwa elimu. Misikiti mikubwa iliweka mtu maalumu wa kuangalia nyakati. Mmoja wao alikuwa Ibn al-Shatir wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, ambaye katika karne ya 14, karibu na mwaka 1371, alitengeneza saa kubwa ya kivuli kwa ajili ya mnara wa msikiti huo. Miaka hiyo hiyo, huko Ulaya, nona ilikuwa ikimalizia safari yake.

Sasa, msomaji wa Mombasa, jipime mwenyewe. Saa zetu za Kenya zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Mombasa iko kwenye nyuzi 39 na ushei. Kwa hivyo jua letu huchelewa. Mwanzoni mwa Novemba lapinduka karibu na saa sita na dakika 5, na katikati ya Februari karibu na saa sita na dakika 35. Maana yake ni kwamba hakuna siku hata moja katika mwaka ambayo saa ya ukutani ikigonga sita kamili, jua la Mombasa huwa limeshafika kilele. “Noon” ya mashine na jua la utosi ni vitu viwili. Mwenye kusali adhuhuri kwa kutazama mshale wa saa tu, bila ya ratiba ya msikiti wala adhana, huenda akasali kabla ya wakati.

Liko na jingine la kufurahisha. Makka nayo iko kwenye nyuzi 39 na ushei, karibu mstari mmoja na Mombasa. Ndiyo sababu kibla chetu ni kaskazini karibu barabara. Na ndiyo sababu jua la Makka na jua la Mombasa hupinduka kwa kupishana chini ya dakika moja, siku zote za mwaka. Tena Saudia na Kenya hutumia saa za aina moja. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 28 Mei na tarehe 16 Julai, jua husimama juu ya Al-Kaaba yenyewe. Mara ya kwanza huwa saa sita na dakika 18, na mara ya pili saa sita na dakika 27. Kwa nyakati hizo, popote ulipo duniani ukiliona jua, basi ukilielekea umeelekea kibla.

USIACHE MBACHAO

Yote haya yanatufunza nini? Si kwamba hesabu ya Mwingereza ni mbovu. Ina faida zake, na hatuwezi kupanda ndege wala kufungua barua ya ofisi bila kuijua. Linalotufunza ni kwamba hakuna hesabu ya saa iliyoshuka ikiwa imekamilika, na kwamba ile tunayoambiwa ni ya kisasa na iliyonyooka ina neno katikati yake lililopinda saa tatu nzima.

Lakini liko la hatari, nalo ni kuzichanganya. Siku hizi twasikia vijana wakisema “tukutane saa tatu mchana” na wakakusudia saa tisa. Wengine, wakisoma simu zao, husema “saa kumi na tano”, saa ambayo haiko katika Kiswahili cha mtu yeyote. Hayo si Kiingereza wala si Kiswahili. Na madhara yake si ya kuchekesha. Bibi apewa kadi ya kliniki iliyoandikwa “2.00”, kijana amsomea “saa mbili”, naye bibi afika na jua la asubuhi akakaa bencini mpaka saa nane bila ya chakula. Mgonjwa aambiwa dawa moja ameze “saa 10”, hajui kama ni kabla ya adhuhuri au baada ya alasiri. Kadi ya nikaha yaandikwa “saa 4.00”, nusu ya wageni wafika asubuhi, hata viti havijashushwa.

Dawa yake ni nyepesi. Anayeandika kwa Kiswahili na aandike saa ya Kiswahili kwa maneno, na aongeze asubuhi, mchana, alasiri au usiku: “saa kumi alasiri”, “saa nne asubuhi”. Anayesoma saa ya Kizungu kwa mtu mwingine na avuke uso wa saa, achukue nambari ya upande wa pili: 2 ni nane, 3 ni tisa, 10 ni nne. Na watoto wafunzwe hesabu zote mbili, kila moja kwa jina lake, bila ya kuambiwa kuwa moja ni ya wasomi na nyingine ni ya wajinga. Mtoto anayeweza kuvuka kutoka hii hadi ile ameshapata somo la hesabu na la lugha kwa mpigo mmoja.

Wahenga walitwambia, usiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa saa za Kizungu ni mzuri, na tuutandike panapohitajika. Mbacha wetu ni huu wa saa moja jua likichomoza na saa moja jua likishatua. Ndio mbacha waliokalia Warumi wenyewe, na Mwingereza angali ameshika uzi wake mmoja kila anapotamka “noon”.

Basi mtoto akirudi kutoka skuli leo, mwulize maana ya “good afternoon”. Akikwambia ni masalamu ya baada ya saa sita, mwambie ni kweli. Kisha mwongezee kuwa zamani ilikuwa baada ya saa tisa, saa tisa hii anayoijua kwao, umwonyeshe na kivuli cha mnazi uani kinavyorefuka kuelekea alasiri.